Makanisa makongwe ya Embu na Meru yanatunza siri za ukoo wako

Kijana wa Runyenjes anapomposa binti wa Chogoria, wazee wa pande zote mbili huwa na jambo moja la ziada la kuzungumza baada ya mahari: ni kanisa lipi litakalofungisha ndoa? Kijana amelelewa katika Kanisa la Anglikana. Binti ni Mpresbiteri tangu enzi za nyanya yake. Shangazi ya binti aliyeolewa upande wa Nkubu ni Mkatoliki asiyelala bila kushika rozari, na binamu zao wanaoishi karibu na mji wa Meru ni Wamethodisti wa kuimba kwa sauti nne.

Wengi hudhani tofauti hizi zilitokana na mahubiri. Kwamba babu mmoja alisikiliza hoja za huyu na za yule, akapima, kisha akachagua. La hasha! Kwa familia nyingi za mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, dhehebu liliamuliwa na mto. Aliyezaliwa ng'ambo hii alibatizwa na hawa, na aliyezaliwa ng'ambo ile akabatizwa na wale.

Ushahidi wa jambo hilo bado umesimama. Ni makanisa na misheni kongwe zilizotapakaa kutoka Embu hadi Meru, nyingi zikiwa zimejificha nyuma ya mibuni na majani chai, mbali na barabara kuu. Tunapozungumza juu ya matembezi, fikira zetu hukimbilia Mombasa au Maasai Mara. Ilhali jamaa akiwa na siku mbili tu, pamoja na nauli ya matatu au gari la kuazima, anaweza kuwaonyesha watoto wake mahali ambapo babu yao alishika kalamu kwa mara ya kwanza.

KIGARI, MLANGO WA EMBU

Kutoka Nairobi hadi Embu ni takriban kilomita 125, ukipitia Thika, Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea. Mji wenyewe si wa kale sana. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake hapa 1906, baada ya kuwashinda Waembu vitani.

Miaka minne baadaye, 1910, wamishonari wa Kianglikana wa chama cha CMS waliweka misheni Kigari, juu ya mji kwenye barabara ya kwenda Manyatta. Mwaka huo huo walifungua nyingine Kabare, katika Kirinyaga ya leo. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa daktari kutoka Canada, T. W. W. Crawford. Zingatia kwamba alikuwa daktari. Mara nyingi mtu hakuvutwa misheni na Injili kwanza, bali na dawa ya kidonda cha mguu. Alikuja anachechemea, akapona, akabaki kusikiliza.

Kigari ya leo inajulikana zaidi kwa Chuo cha Ualimu cha Mtakatifu Marko, na hilo si ajabu. Misheni hizi zilijengwa kwa mpango ule ule: kanisa katikati, shule upande mmoja, zahanati upande mwingine, miti ya kigeni iliyopandwa kwa mstari, na makaburi machache nyuma. Ukishaujua mpango huo utautambua kila uendako, hata pale ambapo kanisa la kwanza la miti na nyasi lilishaoza zamani.

Ukirudi mjini utakuta makanisa makuu mawili ambayo si makongwe kama misheni zenyewe, lakini yanaonyesha mbegu ile ilivyokua. Kanisa la Mtakatifu Paulo ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Embu, iliyoundwa 1990. Wakatoliki nao wana Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, makao ya jimbo lililozaliwa 1986 kutokana na Jimbo la Meru. Askofu wake wa kwanza, John Njue, alifanywa kadinali 2007.

Kabla ya kuvuka mto kuelekea Chuka, simama Runyenjes uulizie kichaka cha Mwenendega. Hapo ndipo Waembu wanapoanzia hadithi ya asili yao: mwanamume aitwaye Mwenendega alikutana na msichana mrembo majini, akamwoa, na kizazi chao kikawa kabila. Watu waliheshimu miti hiyo kwa vizazi vingi kabla kengele ya kwanza kulia Kigari. Mzazi anayetaka mtoto aelewe kanisa lilikuta nini huku, na aanzie hapo.

NG'AMBO YA THUCI

Mto Thuci ndio mpaka wa Kaunti za Embu na Tharaka Nithi. Zamani ulikuwa pia mpaka wa imani. Ili kuepuka kunyang'anyana waumini, misheni za Kiprotestanti zilikubaliana kugawana nchi, kila moja ikabaki katika eneo lake. CMS ilibaki na Embu. Chuka na Mwimbi zikawa za Kanisa la Scotland, lililokuwa tayari limetia mizizi Thogoto kule Kikuyu na Tumutumu kule Nyeri. Imenti, Tigania na Igembe wakapewa Wamethodisti. Hakuna aliyewauliza wenyeji. Wakatoliki hawakuwa katika mapatano hayo, ndiyo maana utawakuta katika kila upande wa mto.

Waskoti walichelewa kuingia, kwani Vita vya Kwanza vya Dunia viliwakatiza. Hatimaye, mnamo Oktoba 1922, daktari Archibald Clive Irvine alifika Chogoria kukaa. Fedha nyingi za ujenzi zilitoka kwa mfanyabiashara wa Nairobi, Ernest Carr. Bwana huyo alipenda mlima kiasi cha kupasua njia ya gari kupitia msituni, na hadi leo wapandaji wanaofuata njia ya Chogoria hupita karibu na maziwa yanayoitwa kwa jina lake.

Chogoria ni mahali pa kutembea polepole. Hospitali, kanisa la PCEA na shule zimekaa pamoja kama mafiga matatu. Asubuhi, kabla ya ukungu kushuka, kilele cha mlima huonekana waziwazi. Ukikaa kwenye kivuli karibu na kanisa utawaona wauguzi, wanafunzi na akina mama waliobeba watoto wakipishana, na utaelewa kwa nini mtu wa hapa akisema "misheni" anamaanisha yote hayo, si kanisa tu.

Lakini tusiyapambe mambo. Kuta hizi zimeshuhudia pia machungu. Mwaka 1929 Kanisa la Scotland liliwataka waumini wake waape kuikana tohara ya wasichana. Katika maeneo yote ya mlima watu waligawanyika. Wengi waliondoka, wengine wakaanzisha makanisa na shule zao huru, na mabenchi ya misheni yakabaki matupu. Meru nako Wamethodisti walipoteza waumini wengi kwa sababu hiyo hiyo. Mke alibaki, mume akatoka. Ndugu wawili wa tumbo moja wakaacha kusalimiana. Ikiwa katika ukoo wako kuna tawi la kanisa la kujitegemea na jingine la misheni, yamkini mgawanyiko huo ulianza hapo. Waulize wazee wakiwa bado wapo.

MUJWA NA WATU WA TURIN

Endelea na safari kuelekea Meru, na umwambie dereva asiwe na haraka kwenye daraja la Nithi. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa, na hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo.

Ukifika Nkubu umeingia katika nchi ya Wamisionari wa Consolata. Shirika hili lilianzishwa 1901 katika mji wa Turin, Italia, na padri Giuseppe Allamano. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini mwaka uliofuata aliwatuma wana wake wa kwanza, wakafikia Tuthu, kule Murang'a. Kutoka upande huo waliuzunguka mlima, na 1911 wakafungua Mujwa, misheni yao ya kwanza kwa Wameru. Allamano alitangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, na tangu hapo jina lake limezidi kutajwa katika vijiji vya Imenti.

Mujwa haiko mbali na Nkubu, lakini lazima uache lami na uulize njia. Hiyo ndiyo raha yake. Watu wa Consolata hawakuwa wahubiri tu. Walikuja na mabruda waliojua useremala, uashi na ufundi wa vyuma, na kijana aliyekuja kujifunza katekisimu aliondoka akijua pia kupiga randa na kuchonga jiwe. Mawe ya makanisa haya ya zamani hayakuletwa na meli. Yalitoka katika machimbo ya huku huku, na mbao zilitoka katika msitu wa mlima. Majina ya wafadhili wa Ulaya huandikwa. Majina ya waliobeba mawe hayaandikwi sana. Yako midomoni mwa wajukuu wao, na humo ndimo yatakamozikwa yasipoulizwa.

Kuna kisa kingine kinachofaa kusimuliwa hapa. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, na Italia ikawa adui wa Uingereza, serikali ya kikoloni iliwakamata wamisionari wengi wa Kiitaliano na kuwaweka kizuizini. Misheni nyingi zikabaki bila mapadri wake. Waliozishika pamoja wakati huo walikuwa makatekista Waafrika, watu wa baiskeli, ambao vitabu huwataja mara chache.

Na katika mapadri hao hao alitokea msomi, Bernardo Bernardi, aliyefanya uchunguzi juu ya Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru wa jadi. Kitabu chake kuhusu Mugwe kilichapishwa 1959. Hivyo mtu wa kanisa ndiye aliyeihifadhi kwa maandishi sehemu ya dini ambayo kanisa lake lilikuja kuiondoa.

KAAGA, MLIMA WA WAGANGA

Wamethodisti nao wana historia ndefu nchini, kwani walikuwa Ribe, karibu na Mombasa, tangu 1862. Meru walifika 1912, na kituo chao kikawa Kaaga, juu kidogo ya mji. Mwanzilishi anayekumbukwa zaidi ni R. T. Worthington.

Jina Kaaga linahusishwa na neno aga, yaani waganga. Wazee husimulia kwamba wageni walipoomba ardhi waliongozwa makusudi kwenye mahali hapo pa kuogopwa, ili mizimu iwafukuze. Mizimu haikuwafukuza. Leo Kaaga kuna kanisa, shule za wavulana na wasichana, na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kilichoanzishwa 1997. Kutoka katika jamii hii ya Wamethodisti alitoka Philip M'Inoti, mchungaji wa kwanza Mmeru wa kanisa hilo, na baadaye Lawi Imathiu, aliyeshika uongozi wa Wamethodisti wa nchi nzima 1970.

Jambo la lugha nalo halifai kusahauliwa. Kwa miaka mingi Waembu, Wachuka na Wamwimbi walisali kwa vitabu vya Kikikuyu, kwa kuwa walimu na maandiko yalitoka upande huo. Wamethodisti wa Kaaga walishika Kimeru. Ndiyo maana hata leo nyanya wa Chogoria anaweza kuimba wimbo wa Kikikuyu bila kukosa neno, na nyanya wa Kaaga akabaki kumtazama.

JOHO LA MJI WA MERU

Mjini Meru usikose jumba la makumbusho. Jengo hilo la mawe, kongwe kuliko yote ya mawe mjini, lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya tangu enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, na likafunguliwa kuwa makumbusho 1974. Mmoja wa waliotawala kutoka ofisi hiyo katika miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940 alikuwa H. E. Lambert. Wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake juu ya lahaja za pwani, kama vile Kivumba, Chichifundi na Chijomvu. Meru anakumbukwa kwa jambo jingine: alisaidia kupatanisha baraza la wazee, Njuri Ncheke, na Wakristo, hata waumini wakaweza kuingia barazani bila kula kiapo kilichopingana na imani yao.

Hatua chache kutoka katikati ya mji liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Meru ilitengwa kama eneo la Kikatoliki lenye mkuu wake 1926, ikawa jimbo kamili 1953. Ingia kimya, keti nyuma, uache macho yazoee mwanga.

Ukiwa na siku ya ziada, shika barabara ya Maua. Nchiru ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, jirani na chuo kikuu. Mbele zaidi, kwenye msitu wa Nyambene, kuna Mukululu. Huko Bruda Giuseppe Argese wa Consolata alikusanya maji ya msituni na kuyapeleka kwa mabomba hadi nchi kavu ya Tigania na Igembe. Kazi ilianza kwa ajili ya watoto walemavu wa makao ya Tuuru, ikaishia kuwanywesha maelfu. Watu walimpa jina la Mukiri, yaani mnyamavu. Si kanisa, lakini waumini wengi watakuambia kwamba mahubiri marefu zaidi waliyopata ni yale mabomba.

KITABU KILICHO KABATINI

Hazina kubwa ya misheni hizi, hata hivyo, haiko ukutani. Iko kabatini, ofisini mwa padri au mchungaji: rejesta ya ubatizo na ya ndoa.

Kwa familia nyingi za huku, mstari ule mmoja ndio maandishi ya kwanza kabisa juu ya ukoo. Una jina la mtoto, la baba, la mama, la kijiji, na la msimamizi wa ubatizo. Katika vitabu vya zamani vya Kikatoliki utakuta Kilatini, kwa hivyo usishangae babu Yohana akiwa ameandikwa Joannes. Mstari huo una faida hata leo. Kadi ya ubatizo ni miongoni mwa karatasi zinazomsaidia mtu mzima aliyechelewa kukata cheti cha kuzaliwa, na katika kesi za mirathi ya shamba imewahi kuonyesha nani ni mtoto wa nani. Lakini karatasi huliwa na mchwa, wino hufifia, na kabati hulowa paa likivuja.

Majengo nayo yako hatarini, na adui wake si mtu mbaya. Ni ongezeko la waumini. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya watu 200 sasa linatakiwa kubeba 1,000, na kamati inapokutana baada ya ibada hoja huwa ni ile ile: tubomoe tujenge kubwa? Hoja hiyo ina haki yake, kwani mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kunyeshewa nje kila Jumapili kwa sababu ya kuheshimu mawe. Ila kuna njia ya tatu. Jengeni kubwa kando, na lile dogo libaki la sala za kila siku, maktaba au chumba cha kumbukumbu. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006 inaruhusu jengo la kihistoria litangazwe katika gazeti rasmi la serikali na kulindwa. Ombi linaweza kuanzia kwa waumini wenyewe.

UKIAMUA KWENDA

Chagua Jumamosi, au Jumapili baada ya ibada ya pili. Epuka mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, kwani barabara za vumbi hugeuka tope. Beba sweta hata kama Nairobi kuna jua. Piga hodi ofisini kwanza, jitambulishe kwa jina la ukoo na kijiji. Mlango utafunguka upesi kuliko ukijiita mtalii. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usipige picha ya ukurasa wa rejesta bila idhini, maana una majina ya watu wengine pia. Acha sadaka kidogo. Usimpe mtoto simu ndani ya kanisa.

La muhimu kuliko yote, nenda na mzee. Mkalishe kiti cha mbele garini. Mbele ya lango la misheni atakumbuka mambo ambayo hakuyasema sebuleni kwa miaka 40: mwalimu aliyekuwa na fimbo ya mwanzi, siku ya kula mkate wa kwanza, dada aliyetoroka nyumbani ili asome.

Wakati wa kurudi Nairobi, wenye nafasi wanaweza kupitia Sagana na kuingia Murang'a. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, alichora picha kubwa ukutani mwishoni mwa miaka ya 1950. Yesu amezaliwa katika mazingira ya huku huku, na waliomzunguka wana sura zetu.

Huko Murang'a sura za watu wetu ziko ukutani na kila mtu anaziona. Kigari, Chogoria, Mujwa na Kaaga sura hizo ziko katika kumbukumbu za wazee, na katika kitabu kimoja kilicho kabatini. Wazee hao wanapungua kila msimu wa mavuno.